Mtaalamu Mwenye Flashi Shingoni

Ilikuwa sauti ya Jovin. Mwanamke aliyekwisha kuposwa hahitaji kumwona mtu wake ndipo ajue ni nani anayecheka.

Pamela Tesha alibaki palepale tulipomwacha Jumapili iliyopita, mbele ya kiambaza cha hadibodi kinachotenganisha duka la kompyuta la Melkior na kistoo chake cha nyuma. Alikuwa amekuja Jumatano hiyo kuuliza jambo dogo tu, kama Jumamosi duka litafunguliwa mapema. Mkono ulikuwa umekwisha kunyooka kubisha. Aliurudisha polepole.

Upande wa pili, mchumba wake alikuwa anamuuza.

Jovin alikuwa anamweleza Melkior kwamba Jumamosi saa nne ataleta mteja. Mteja huyo aonyeshwe ile laptopu ya rangi ya fedha, yenye kioo kikubwa, ile iliyoanguka kutoka kwenye kaunta mwezi uliopita ikashikizwa kwa gundi. Bei itajwe laki sita na nusu, kwa kuwa hicho ndicho kiasi mteja alicho nacho. Katika hizo, elfu themanini zirudi kwake Jovin, ahsante ya kuleta mtu.

Melkior si malaika, lakini hata yeye alisita.

"Huyo si ndiye mchumba wako?"

"Ndiyo maana hataikagua," Jovin alijibu.

Msomaji, najua wewe ungefanya nini. Ungeusukuma mlango, ungemkunja Jovin ukosi, na mtaa mzima hadi mnara wa saa wa hapa Moshi ungepata la kusimulia mpaka Krismasi. Kisha Jumamosi ingefika huna mchumba, huna laptopu, na Jovin ameshawatangazia watu kwamba una hasira za kurithi.

Pamela hakuusukuma mlango. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatoka peku hadi barazani, akavivaa tena mbele ya mama muuza maparachichi aliyemtazama bila kuuliza. Halafu akashika njia ya Majengo, alikopanga chumba.

Hakulia. Alishangaa mwenyewe kwamba halii. Alikuwa amejiandaa kwa huzuni, na huzuni haikuja. Kilichokuja kilikuwa kikavu na baridi, na kadiri alivyotembea ndivyo kilivyozidi kumnyoosha mgongo. Ilikuwa dharau.

Kwa aliyechelewa kuianza hadithi hii, nitasema mara moja tu. Pamela alichapa kazi za watu miaka sita katika stesheneri moja ya mjini. Mwaka huu wa 2006 mvua zikagoma, mabwawa yakakauka, umeme ukawa wa mgao, na mwenye stesheneri akaona heri kufunga kuliko kununua mafuta ya jenereta. Alimpa Pamela mshahara wa mwezi mmoja na ushauri kwamba aolewe.

Wakati huohuo parokia ya kwao, huko Kibosho, ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini na inataka kitabu chenye historia, majina ya makatekista, na majina ya wote waliojitolea tangu jiwe la msingi. Katibu wa kamati, Mwalimu Bernadetha, alitamka wazi kwamba kazi ni ya Pamela endapo Jumatatu atafika na mashine inayofanya kazi umeme ukiwa haupo. Asipofika nayo, kazi inakwenda Arusha. Kwa malipo ya kitabu kile Pamela angeweza kukodi meza yake mwenyewe na asiitwe tena binti wa kuchapa na mtu yeyote.

Mama yake, Mektrida, aliuza mtamba wa kisasa. Bei ya mtamba huyo, pamoja na ule mshahara wa mwisho, ndiyo laki sita na nusu ambayo Jovin alikuwa anaigawa nyuma ya hadibodi.

Sasa huyu Jovin Massawe tumtazame vizuri, maana kuna wasomaji walioniandikia wakitaka nimpe nafasi ya kujirekebisha. Nafasi nimempa sehemu kumi nzima.

Alijiandikisha kozi ya kompyuta ya wiki tatu, akahudhuria mbili. Tangu siku hiyo hutembea na flashi shingoni, kwa kamba nyekundu, juu ya shati, kama daktari na kile kipimo chake cha kusikilizia mapafu. Ndani ya flashi hiyo mna nyimbo mbili na picha yake ameegemea gari la mtu. Lakini akiingia kwenye kikao cha harusi watu humwita mtaalamu, humpa kiti cha mbele, na kumuuliza mambo ya mtandao, naye hujibu yote. Watu wetu ndivyo walivyo. Chochote kinachoning'inia shingoni hukipa heshima, isipokuwa kengele ya ng'ombe, ambayo angalau ina kazi.

Mwezi wa Aprili alipanda Kibosho, akakaa sebuleni kwa Mama Mektrida, akanywa kata mbili za mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha akamweleza kwamba laptopu huchaguliwa kwa ukubwa wa kioo na wingi wa gigabaiti. Mama akauliza kama hiyo kubwa itafanya kazi umeme ukikatika. Jovin akacheka, akamwambia mambo hayo awaachie wao vijana.

Swali moja tu la maana liliulizwa sebuleni siku ile. Aliyeliuliza hajawahi kugusa kompyuta, na aliyelicheka ndiye mtaalamu.

Pamela hakwenda chumbani kwake. Alipitiliza hadi nyuma ya msikiti, kwenye kibanda cha Fundi Sirili.

Sirili alianza na redio za mbao, akaja kwenye televisheni, na sasa alikuwa anafungua kompyuta. Alijulikana Majengo nzima kwa mambo mawili. Kitu alichokitengeneza hakirudi, na mteja aliyemhudumia huondoka ametukanwa. Watu walivumilia la pili kwa ajili ya la kwanza.

Pamela alimwomba amfundishe jinsi ya kuchagua laptopu ya bei nafuu. Fundi hakuinua macho kutoka kwenye kile alichokuwa anakichomelea. Alisema watu wa mji huu hununua kompyuta kama wanavyonunua kitambaa cha suti, kwa kupapasa na kuuliza imetoka wapi, na yeye hana muda wa kufundisha kupapasa.

Pamela hakuondoka. Ndipo fundi alipomtazama.

"Unataka kuifanyia nini?"

"Kuchapa. Wasifu wa marehemu, barua za kuomba kazi, kadi za harusi. Na kitabu cha parokia."

"Filamu utatazama?"

"Hapana."

"Basi wewe hutaki laptopu. Unataka taipureta inayojua kufuta."

Baada ya hapo alisema mfululizo karibu nusu saa, kila sentensi ikiwa na tusi dogo ndani yake, na Pamela akayavumilia matusi na kuyashika mafundisho. Kioo kikubwa ni cha kutambia, alisema, na kinamaliza betri mbio. Gigabaiti arobaini zinatosha, kwani hata akiandika wasifu wa marehemu wote wa mlima huu tangu enzi za mangi wa kwanza kutawala hatafika robo. Kabla ya kuuliza bei, achomoe waya wa umeme. Muuzaji akimwambia asichomoe, avae pochi yake begani aondoke. Kisha agonge vibonye vyote, kimoja kimoja, hata visivyomhusu. Kisha afunge na kufungua kifuniko mara kumi, maana bawaba ndizo hufa kwanza. Rangi asiitazame kabisa. Rangi ni ya wachumba.

Hapo Pamela alishtuka kidogo, lakini fundi alikuwa anasema tu.

Akamuuliza kama yeye anayo ya kumuuzia. Sirili alionekana kuchukizwa kweli. Alisema hauzi kitu, kwa sababu anayeuza hawezi kusema ukweli na anayesema ukweli hauzi. Ila dukani kwa Melkior kuna moja nyeusi, nene kama matofali mawili, mtumba wa ofisi fulani ya Ulaya. Melkior ameifanya kigoda cha feni kwa sababu kila mteja akiiona hucheka. Betri yake ni mpya, kaiweka yeye Sirili kwa mikono yake mwezi wa Mei.

"Ni mbaya kwa sura kama mimi," alisema. "Lakini bila waya inakaa saa tatu na nusu."

Alidai elfu mbili kwa mazungumzo hayo. Alisema ushauri wa bure watu wa Moshi huutupa wakifika kona ya kwanza.

Jumamosi asubuhi Mama Mektrida aliteremka kutoka Kibosho na fedha zikiwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Pamela alimwamkia, akampa chai, akasubiri amalize kikombe. Halafu akamweleza yote, bila kuongeza na bila kupunguza, hata lile la kutoka dukani viatu mkononi.

Mama alisikiliza akitazama sakafu. Pamela aliogopa kwamba angelia, au angesema tusamehe kwa kuwa mbege ya posa imeshanywewa. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tena sehemu ya Jovin ilikuwa kiasi gani.

"Elfu themanini."

"Elfu themanini," Mama alirudia. "Kwa hiyo hata bei yako haijui."

Akafunga kilemba upya, akachukua mwavuli, wakatoka.

Jovin alikuwa anawasubiri mlangoni, shati limepigwa pasi, flashi juu ya vifungo. Alimsalimu Mama shikamoo kwa kuinama hadi kiunoni. Mama aliitikia kwa midomo tu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mjini kuwa na umeme, na feni ya Melkior ilikuwa inazunguka kwenye kona, juu ya kitu cheusi ambacho hakuna aliyekitazama.

Laptopu ya fedha ilikuwa imeshawashwa juu ya kaunta, kwenye kioo picha ya maporomoko ya maji. Mtaalamu akaanza kazi. Alizungumza dakika kumi. Alitaja gigabaiti mara nyingi kuliko padri anavyotaja dhambi wakati wa Kwaresima. Alisema kioo hiki ni cha sinema, rangi hii ndiyo inayotumika mabenki, na kwamba Pamela akiingia nayo kwenye kikao cha kamati watu watasimama. Wateja wengine wawili waliokuwa dukani walisogea kusikiliza. Mmoja akaanza kumwita mzee, na Jovin hajafika miaka thelathini na mbili.

Pamela alimwacha amalize. Kisha akaomba kiti, akaketi mbele ya mashine, akashika waya wa umeme na kuuchomoa.

"Usichomoe," Jovin alisema.

Alikuwa amechelewa. Kioo kilikuwa cheusi kabla mkono wake haujafika.

Akaeleza upesi kwamba betri mpya huwa inalala siku tatu za mwanzo, ni kawaida, hata huko Ulaya zinalala. Mteja aliyekuwa anamwita mzee akatikisa kichwa kwa kuelewa. Melkior alitazama dari.

Pamela aliuchomeka waya, akangoja mashine iamke, akafungua ukurasa mtupu. Aliandika sentensi ambayo vidole vyake viliijua kuliko sala, maana alikuwa ameichapa kwa ajili ya mamia ya watu waliolala makaburini: Marehemu alizaliwa Kibosho akabatizwa akiwa mchanga.

Kwenye kioo yalitokea maneno haya: Mrehemu lizliw Kibosho kbtizw kiw mchng.

Mama Mektrida, ambaye husoma kwa kidole, alisogeza kidole chake taratibu chini ya mstari hadi mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Hiki ni Kichagga cha wapi?" aliuliza.

Mtu mwenye akili kidogo angeishia hapo. Angesema samahani, hii ina tatizo, tuangalie nyingine, na huenda hata mimi ningemhurumia. Jovin hakuwa na akili hiyo kidogo. Alisema herufi A si tatizo kubwa, kwani mtu anaweza kuinakili kutoka mahali pengine na kuibandika kila anapoihitaji.

"Kila A?" Pamela aliuliza.

"Ukizoea ni rahisi tu."

Kitabu cha parokia kilikadiriwa kurasa themanini. Kiswahili unakijua, msomaji. Jaribu kuandika barua ya mstari mmoja bila herufi hiyo, halafu ufikirie kurasa themanini, halafu umfikirie mwanamume aliyekuwa amepanga kumkalisha mke wake mtarajiwa mbele ya kazi hiyo miezi mitatu kwa faida ya elfu themanini. Nimeandika kuhusu majambazi katika gazeti hili. Jambazi hupanga, hukesha, huhatarisha mwili wake. Huyu hakuhatarisha hata shati.

Pamela aliinuka. Alikwenda kwenye kona, akaizima feni, akaiweka chini, akaifuta vumbi kwa kanga ile mashine nyeusi iliyokuwa chini yake, akaileta kaunta. Ilitua kwa kishindo.

Jovin alisema hiyo ni takataka. Alisema ni ya enzi za wazee, nzito, haina sura, na kwamba yeye hawezi kuonekana mjini na mtu aliyebeba kitu kama hicho.

"Utaniaibisha," alimalizia.

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mashine nyeusi iliwaka bila haraka. Pamela alichomoa waya. Ikaendelea. Aligonga vibonye vyote, mstari kwa mstari, herufi, tarakimu, hata vile vya pembeni ambavyo hajui vya nini. Alifunga na kufungua kifuniko mara kumi, akihesabu kwa sauti. Kisha akaketi na kuchapa. Alichapa nusu saa nzima, wasifu wa mtu asiyekuwepo, kuzaliwa, komunyo, kazi, ndoa, ugonjwa na maziko, kwa kasi iliyofanya wateja wale wawili wamwache mtaalamu na kuja kusimama nyuma ya kiti chake. Kile kialama cha betri pembeni kilishuka kidogo tu.

Melkior alitaja laki nne na nusu.

"Kitu ulichokifanya kigoda?" Mama alisema.

Wakaelewana laki nne, na begi lake juu. Mama alifungua kitabu cha nyimbo. Melkior alipokuwa anahesabu, Jovin alimsogelea, akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Na hii pia nina yangu?"

Nimeona mengi, lakini hapo kalamu yangu ilisimama. Mtu ameumbuliwa mbele ya mama mkwe, mchumba wake anamwona, mashine aliyoisifia imeshindwa kuandika neno mama, na bado anauliza posho.

Hata Melkior alisimamisha kuhesabu, akasogea hatua moja kando, kama mtu anayekwepa maji machafu.

Tangu Jumatano Pamela alikuwa ametunga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, na moja ilikuwa inamtaja baba yake Jovin. Alipomtazama sasa, na ile kamba nyekundu, aliona hotuba ile ni kubwa mno kwa mtu wa saizi ile.

"Jumatano nilikuwa nyuma ya hadibodi, Jovin," alisema. "Nilisikia yote."

Jovin akageukia kujieleza. Alisema ile elfu themanini haikuwa ya kula, alikuwa anaiweka kwa ajili ya harusi, na kwamba alitaka iwe siri kwa sababu angemnunulia pete.

"Kwa hela yake mwenyewe," Mama alisema.

Hakuinua sauti. Alimwambia Jovin kwamba mapipa mawili ya mbege yaliyoletwa na ukoo wao yatarudishwa, atayapika yeye mwenyewe na ndizi zitatoka kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani. Amwambie baba yake asipande Kibosho Jumapili kwa mazungumzo ya harusi, maana atakuta mlango umefungwa na mbwa amefunguliwa. Kisha akashika mkono mmoja wa begi, Pamela akashika wa pili, kwa kuwa kweli lilikuwa zito, wakatoka.

Jovin alibaki. Wale wateja wawili walibaki pia. Nasikia yule wa kwanza alimuuliza kama basi ile ya fedha anaweza kuipata yeye kwa laki sita. Watu wengine hawana dawa.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, umeme haukuwepo Kibosho. Mwalimu Bernadetha aliitazama mashine nyeusi, akaitazama tena, akauliza kama imenunuliwa au imeokotwa. Pamela aliifungua kwenye meza ya kamati na kumwomba asome chochote. Mwalimu alisoma ukurasa mmoja wa historia ya jiwe la msingi, kwa ile kasi ya imla aliyowatesea watoto miaka thelathini. Alipofika nukta ya mwisho, Pamela alikuwa ameshafika. Mwalimu alivaa miwani, akatafuta kosa, hakulipata. Ilimuuma kidogo. Kazi ikawa ya Pamela.

Alipewa madaftari matatu ndani ya mfuko wa plastiki, ile rambo, yaliyoandikwa kwa mikono ya makatibu watano tofauti, na onyo kwamba asiyaache karibu na jiko.

Jumanne mchana Majengo ilikuwa gizani kwa habari ya umeme, yaani cherehani za miguu tu ndizo zilizolia mtaani. Chumbani kwa Pamela mlango ulikuwa wazi, mwanga wa jua unaingia hadi mezani, na mashine nyeusi inafanya kazi saa ya pili bila waya. Mama Mektrida alikuwa hajarudi nyumbani. Alisema ameuza mtamba na lazima aone ameuza kwa ajili ya nini. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, anamenya ndizi ndani ya sufuria, na kila baada ya muda anasikiliza vile vibonye kama mtu anayesikiliza mvua.

Pamela alikuwa kwenye daftari la pili, orodha ya waliojitolea. Mifuko ya saruji, mabati, siku za kazi. Majina aliyajua karibu yote. Akafungua ukurasa wa mwaka 1999.

Mstari wa saba ulisema hivi: Mabenchi manne ya mninga. Mtoaji ni Wenseslaus Tesha, mume wa Mektrida. Anaishi Shirimatunda. Ameomba jina lake lisisomwe kanisani.

Pamela aliusoma kwa kidole, kama mama yake.

Wenseslaus Tesha ni baba yake. Alizama ziwani huko Mwanza mwaka 1986, katika safari ya kununua samaki, na mwili haukupatikana. Ndivyo alivyoambiwa akiwa na miaka saba. Ndiyo sababu kihambani kwao hakuna kaburi lake. Ndiyo sababu kila Novemba, miaka ishirini sasa, Mama hupeleka jina hilo kwenye misa ya marehemu wote, na Pamela hupiga magoti pembeni yake na kulia.

Na Shirimatunda si Mwanza. Kutoka kwenye kigoda alichokalia mama yake hadi Shirimatunda mtu anakwenda kwa miguu na kurudi kabla ndizi hazijaiva.

"Mbona umeacha kuchapa?" Mama aliuliza bila kugeuka.

Pamela aliinuka, akalibeba daftari, akaliweka wazi kwenye mapaja ya mama yake, juu ya maganda.

Mama Mektrida alisogeza kidole chini ya mstari wa saba hadi mwisho. Hakurudi mwanzo. Alikifuta kisu cha kumenyea kwa kanga, upande mmoja, kisha upande wa pili, akakiweka ndani ya sufuria.

"Ukurasa huu," alisema, "niliwaomba wauchane."